Mzigo, Maji na Joto: Kuchagua Vifaa vya Safari ya Miguu Shabunda

Bukavu, katika mkoa wa Kivu Kusini, imekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo msafiri wa miguu anaweza kwenda pande mbili zisizofanana hata kidogo. Akielekea kaskazini-magharibi hadi Tshivanga, makao ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, atapanda katikati ya mianzi mpaka kilele cha mlima Kahuzi, mita 3,308. Akielekea magharibi kupitia Walungu na Burhale, ataivuka milima kisha ataanza kuteremka, mpaka aingie msitu mkubwa unaonyweshwa na mto Ulindi. Huko, chini ya mita 700, ndiko uliko mji wa Shabunda.

Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, siku ambayo Bukavu ina nyuzi 20, kileleni Kahuzi kuna kama nyuzi 8, na Shabunda kuna 25 au zaidi. Mkoa ni mmoja, wingu la mvua linaweza kuwa lile lile, lakini nguo inayomlinda mtu kileleni itamchemsha bondeni, na kiatu kinachofaa kwenye matope ya bondeni kitamchosha bure mlimani. Ndiyo maana swali la “vifaa gani ni bora” halina jibu. Swali lenye jibu ni hili: safari iliyo mbele yangu sasa ni ipi, nitaifanya kwa mwili gani, na ardhi nitakayoikanyaga ikoje?

Makala haya yanaifuata njia ya Shabunda, kwa kuwa huko msitu hausamehe kosa la uchaguzi. Shabunda ni eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000, karibu sawa na Rwanda nzima. Ni nchi ya Warega, yenye mito mingi, udongo wa mfinyanzi na barabara ambazo kwa miaka mingi zimekuwa mbovu kiasi kwamba bidhaa nyingi huingia kwa ndege ndogo na zilizobaki hubebwa na watu. Katika nchi ya namna hiyo kutembea ni riziki. Anayekwenda huko leo, awe mtafiti wa mimea, mwalimu, muuguzi au kijana anayependa kuijua nchi yake, anaanza na jambo moja kabla ya kiatu na begi: habari za usalama wa njia kutoka kwa watu walioipita karibuni, na ruhusa ya wenye mamlaka na ya machifu wa vijiji atakavyopitia. Pasipo hilo, orodha yoyote ya vifaa haina kazi. Likishapatikana, sayansi inaanza kusema.

Somo la mwaka 1876

Msitu huu umekwisha kutoa hukumu juu ya vifaa vya wageni. Tarehe 5 Novemba 1876, mvumbuzi Henry Morton Stanley aliondoka Nyangwe, mji wa soko kwenye mto Lualaba, akaingia msitu wa Mitamba na nchi ya Urega. Aliandamana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar wa pembe na watumwa anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, pamoja na mamia ya watu wake. Msafara ulibeba mashua iliyoitwa Lady Alice, ikiwa imefunguliwa vipande vipande. Kwenye tambarare za Afrika Mashariki utaratibu huo ulikuwa wa akili sana: mashua ilitembea nchi kavu juu ya mabega ya watu, kisha ikaunganishwa ziwani. Ndani ya Mitamba, wabebaji wa vipande vile walichoka kuliko wote. Njia ilikuwa nyembamba kuliko mzigo, ikabidi watu wenye mashoka watangulie kufyeka, na mashua ikawa ikifika kambini nyuma ya msafara. Chombo kilikuwa kile kile kilichosifiwa. Kilichobadilika ni ardhi.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Frank Pocock, kijana wa Kiingereza aliyekuwa msaidizi wa Stanley, aliingia katika awamu ya mwisho ya safari viatu vyake vikiwa vimekwisha. Alitembea peku kwenye ardhi ngumu na nyayo zake zikapata vidonda. Msafara ulipofika kwenye maporomoko ya mto Kongo, wenzake walikuwa wakizunguka sehemu za hatari kwa miguu, lakini yeye hakuweza kutembea. Tarehe 3 Juni 1877 alipanda mtumbwi na kuzama kwenye maporomoko ya Massassa. Tunaweza kuorodhesha sababu nyingi za kifo kile, ila mlolongo wake unaanzia kwenye nyayo. Mtu asiye na miguu mizima hupoteza uhuru wa kuchagua njia iliyo salama.

Visa hivi viwili vinabeba karibu kila kitu kinachofuata: mzigo lazima upite pale njia inapopita, na miguu ndiyo kifaa cha kwanza.

Kiatu: uzito wake na maji yake

Kilo moja iliyoko mguuni haifanani na kilo moja iliyoko mgongoni. Mwaka 1969 watafiti Soule na Goldman walipima nishati inayotumiwa na watu waliobeba mizigo kichwani, mikononi na miguuni. Mzigo wa miguuni uligharimu mara kadhaa zaidi ya ule wa mwilini, na utafiti wa baadaye wa Legg na Mahanty mwaka 1986 ukakuta kwamba uzito wa kiatu unagharimu zaidi ya mara 6 ya uzito huo huo ukiwa mgongoni. Sababu iko wazi ukiutazama mwendo. Begi lililokaa vizuri husonga mbele kwa kasi isiyobadilika sana, lakini mguu husimama kabisa, kisha huinuliwa, hurushwa mbele na kusimamishwa tena. Kwa hatua ya sentimita 70, kilomita moja ni hatua zaidi ya 1,400. Katika siku ya kilomita 20 kila mguu huinuliwa mara kama 14,000, na kila mara misuli hulipia upya uzito wa kiatu pamoja na matope yaliyonata chini yake.

Hapo ndipo buti zito la ngozi la kupandia milima linapopoteza heshima yake likishuka bondeni. Soli yake yenye meno ina historia ya kuheshimiwa: mwaka 1935 Vitale Bramani wa Italia alipoteza wenzake sita milimani, viatu vyao vikiwa miongoni mwa sababu, na mwaka 1937 akatoa soli ya mpira wenye meno marefu ambayo leo dunia inaijua kwa jina la Vibram. Ilitengenezwa kwa ajili ya mwamba na theluji. Kwenye mfinyanzi wa Kivu, meno yaliyosongamana hujaa udongo baada ya hatua chache na soli inakuwa laini kama haina meno. Meno yanayofaa matope ni marefu na yaliyoachana, ili udongo udondoke wenyewe mguu unapopinda. Ngozi nayo hunywa maji, huzidi uzito, na chini ya miti minene haiwezi kukauka kwa usiku mmoja.

Watu wa njia hizi wengi huvaa buti za mpira, na wana sababu. Mpira haunywi maji. Unazuia matope, miiba na siafu, na unafunika kifundo na muundi, sehemu ambazo nyoka huuma mara nyingi zaidi. Ukichafuka unaoshwa mtoni kwa dakika moja. Kasoro zake mbili zinajulikana: jasho halina pa kutokea, na mto ukipita juu ya goti buti hujaa na kugeuka mzigo. Kwa hiyo kipimo cha kuchagua ni kina cha maji. Njia ikiwa na matope ya kifundoni na vijito vya kukanyaga, buti za mpira zinashinda. Njia ikiwa inakata mito ya mapajani mara nyingi kwa siku, afadhali kiatu chepesi cha kitambaa cha nailoni, chenye matundu pembeni ya kutoa maji. Jeshi la Marekani lilifikia uamuzi huo huo lilipowatengenezea askari wake viatu vya msituni: liliweka vitundu karibu na wayo ili maji yaingiayo yatoke, kwa kuwa lilitambua kwamba kuyazuia yasiingie haiwezekani.

Uamuzi huo ndio msingi wa vifaa vyote vya Shabunda. Mlimani unajitahidi kubaki mkavu. Msituni unakubali kulowa mchana, kisha unajitahidi kukauka usiku. Ngozi ya nyayo ikikaa majini saa nyingi hunyonya maji, huvimba, hubadilika rangi na kulegea. Msuguano wa ngozi yenye unyevu ni mkubwa kuliko wa ngozi kavu, hivyo malengelenge huja haraka, na ufa mdogo hufungua mlango kwa vijidudu. Dawa yake ni usiku mkavu. Beba jozi moja ya soksi ambayo haivaliwi kamwe mchana, imefungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, na kandambili za kambini ili miguu ipate hewa. Asubuhi vaa tena soksi zilizolowa, hata kama zinakera. Anayevaa zile kavu ili aanze siku kwa raha atalala usiku ujao na miguu iliyolowa.

Nguo: kinachozuia mvua na kinachotoa jasho

Mwili unaotembea ni jiko. Katika nishati yote ambayo misuli hutumia, sehemu kama robo tu huwa kazi, na iliyobaki huwa joto linalotakiwa kutoka. Njia kuu ya kulitoa, hewa inapokuwa ya moto, ni jasho, lakini jasho halipozi kwa kutoka tu. Linapoza linapogeuka mvuke: kila gramu moja inayokauka juu ya ngozi huondoka na joto la kilojuli 2.4 hivi. Jasho linalodondoka chini limepotea bure, likiwa limechukua maji na chumvi ya mwili.

Mvuke nao hauendi kokote bila msukumo. Hutoka mahali penye mvuke mwingi kwenda mahali penye mvuke kidogo. Hapa koti la mvua la bei kubwa linakutana na mtihani wake. Mwaka 1969 Bob Gore wa Marekani alivuta kwa ghafla kipande cha plastiki iitwayo PTFE na kupata utando wenye vitundu vidogo mno: tone la maji haliwezi kupita, mvuke unapita. Ndio uliozaa kitambaa cha Gore-Tex. Kwenye kilele cha Kahuzi, penye nyuzi 8, hata kama hewa imejaa ukungu mvuke wake ni kidogo ukilinganisha na ule wa ngozi yenye nyuzi 35, na tofauti hiyo inasukuma jasho litoke. Alasiri msituni Shabunda, penye nyuzi 28 na hewa iliyoshiba mvuke baada ya mvua, tofauti hiyo inapungua: msukumo wa kileleni ni karibu mara mbili na nusu ya ule wa bondeni. Koti ni lile lile, utando ni ule ule, lakini jasho linabaki ndani, na mtu analowa kutokea upande wake mwenyewe.

Kwa bonde, basi, chagua vitu vinavyozuia mvua huku vikiacha hewa ipite. Kipande chepesi cha turubai au nailoni kinachofunika kichwa, mabega na begi, wazi pembeni, kinafanya kazi vizuri kuliko koti lililofungwa zipu hadi shingoni. Kwenye njia pana, mwavuli ni kifaa cha kisayansi kabisa: unazuia tone, hauzuii upepo, na unaufunga mvua ikikatika. Ndani ya njia nyembamba ya matawi hauna nafasi, na hapo shati la mikono mirefu la kitambaa kinachokauka upesi litalowa, nawe ukubali lilowe.

Aina ya uzi ni muhimu kuliko jina la mtengenezaji. Pamba huyavuta maji hadi ndani ya nyuzi zake na huyaachia taratibu. Poliesta huvuta maji yasiyofika asilimia 1 ya uzito wake, na yaliyobaki hukaa juu ya nyuzi ambako joto la mwili huyakausha. Sufu huvuta maji mengi lakini huendelea kuwa na mifuko ya hewa ndani yake, kwa hiyo humpa mtu joto hata ikiwa na unyevu. Tofauti hizi ni usumbufu tu bondeni. Mlimani zinaweza kuwa uhai na kifo, kwa sababu maji huchukua joto kutoka mwilini haraka takriban mara 25 kuliko hewa. Fulana ya pamba iliyolowa, upepo wa kilele na nyuzi 8 vinatosha kumshusha mtu joto la mwili hadi atetemeke, achanganyikiwe na kuanguka, ingawa barafu haionekani popote. Kwa hiyo anayepanda Kahuzi aache pamba nyumbani, abebe sweta la sufu na koti linalozuia upepo. Anayeshuka Shabunda aliache sweta, ila awe na shati na suruali kavu za usiku.

Soko la mitumba la Kadutu lina vitambaa vya kila aina, na lebo ndogo ya ndani huandika uzi uliotumika. Lebo ikiwa imekatwa, jaribio la nyumbani linatosha: loweka shati, likamue, litundike ndani ya chumba usiku kucha bila moto. Lisipokauka asubuhi ndani ya nyumba, msituni halitakauka.

Mzigo: mwili gani, njia gani

Kivu Kusini ina mabingwa wa kubeba. Wanawake hupanda vilima vya Bukavu na vitunga au magunia mgongoni, yakishikiliwa na kamba ipitayo kwenye paji la uso. Mtazamaji hudhani ni nguvu peke yake, lakini wanasayansi wamekuta kuna zaidi. Mwaka 1986 Maloiy, Heglund na wenzao walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kenya: Waluo wanaobeba utosini na Wakikuyu wanaobeba kwa kamba ya kichwa. Walibeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza matumizi ya nishati. Mwaka 1995 maelezo yakapatikana. Katika kutembea, mwili hupanda juu ya mguu uliokanyaga, halafu hushuka mbele, na sehemu ya nishati ya kupanda hurudi kama mwendo. Watu wengi hurudisha kama asilimia 65. Wanawake wale, wakibeba mzigo, waliirudisha nishati kwa ufanisi zaidi, na kwa hiyo misuli ililipia kidogo. Mwaka 2005 wapagazi wa Nepal walipimwa wakiwa na mizigo ya wastani wa asilimia 93 ya uzito wa miili yao kwa wanaume na 66 kwa wanawake, wakitumia nishati kidogo kuliko Mzungu mwenye begi la kisasa.

Lakini sayansi haikuishia kwenye sifa. Utafiti wa Afrika Kusini uliotoka 2010 haukuona faida hiyo kwa wanawake wote waliobeba kichwani. Walitofautiana sana mmoja mmoja, na wengi walilalamikia shingo. Ujuzi huo hujengwa tangu utotoni, na mwili hulipa kwa njia zisizoonekana kwenye kipimo cha pumzi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kuona mama wa Walungu akipanda kwa kilo nyingi si ruhusa ya mgeni kujaribu, wala si sababu ya kudhani kwamba haumii.

Kwa mwili usiozoea, begi la mgongoni lenye mkanda mpana wa nyonga ndilo linalofaa. Mkanda huo, ulioenezwa Marekani na Dick Kelty tangu mwaka 1952 pamoja na fremu ya alumini, huhamisha kiasi cha theluthi ya uzito kutoka mabegani hadi kwenye mifupa ya nyonga, ambayo imeumbwa kubeba. Ili ufanye kazi, urefu wa mgongo wa begi uwiane na wako: mkanda ukae juu ya mfupa wa nyonga, usikae tumboni. Kwa msitu, chagua begi jembamba lisilozidi upana wa mabega, lisilo na vikamba vinavyoning'inia, maana kila kinachotokeza kitashikwa na mmea unaotambaa. Chagua dogo kuliko unavyotamani, kwa kuwa begi kubwa hujazwa. Na badala ya kutegemea kifuniko cha mvua cha nje, weka mfuko mzito wa plastiki ndani, uupakie vitu, kisha uukunje mdomo. Kifuniko cha nje huzuia mvua ya juu tu. Mfuko wa ndani huokoa vitu hata ukiteleza mtoni.

Maji ya kunywa na usiku

Maji yako kila mahali Shabunda, na kipindupindu kinaijua Kivu Kusini vizuri. Kichujio kidogo chenye vitundu vya mikroni 0.1 huzuia bakteria na viini vikubwa zaidi, lakini virusi vingi hupenya. Vidonge vya klorini huua bakteria na virusi, ila hushindwa kirahisi na matope. Kwa mto wa rangi ya udongo, acha maji yatulie, yachuje kwa kitambaa, kisha tia dawa na usubiri muda ulioandikwa. Kitambaa hicho si kitu kidogo: utafiti ulioongozwa na Rita Colwell huko Bangladesh, uliochapishwa 2003, ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne vilipunguza kipindupindu kwa asilimia 48, kwa kuwa bakteria hao hujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini vinavyonaswa na nyuzi. Peke yake hakitoshi, lakini kila msafiri anacho. Penye kuni na nafasi, kuchemsha mpaka maji yatokote kunashinda vyote.

Usiku, kifaa kisichopunguzwa kwa ajili ya uzito ni chandarua chenye dawa. Malaria ya bondeni haipumziki. Turubai juu, kamba nyembamba na kitanda cha kamba au mkeka ulioinuliwa hufaa kuliko hema zito la milimani linalofungia jasho ndani. Na kabla ya kutundika chochote, tazama juu: tawi kavu likianguka usiku ni hatari kuliko mnyama. Tochi ya kichwani huacha mikono miwili huru, na hiyo peke yake inatosha kuichagua.

Anayekwenda kuwaona sokwe wakubwa wa Kahuzi-Biega aongeze barakoa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1970 kwa juhudi za mhifadhi Adrien Deschryver, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kilomita za mraba 6,000 na kuingia misitu ya chini, Shabunda ikiwemo. Sokwe hao hushikwa na mafua yetu, na mwongozo wa kimataifa wa IUCN wa mwaka 2015 ulipendekeza barakoa na umbali usiopungua mita 7. Hiki ni kifaa ambacho hakimlindi anayekivaa peke yake.

Jaribu kabla ya kuondoka

Bukavu yenyewe ni maabara. Pakia begi kwa uzito kamili wa safari, vaa viatu ulivyokusudia, upande kutoka ufuo wa ziwa hadi Kadutu, ushuke, upande tena. Lowesha viatu makusudi katika zamu ya pili. Panapowaka kwenye kisigino baada ya saa moja patakuwa kidonda siku ya pili msituni. Kisha fungua begi na kwa kila kitu jiulize kitafanya kazi gani, siku ipi, katika njia hii. Kisichopata jibu kinabaki nyumbani. Ukirudi kutoka safarini, fanya hesabu ile ile tena: kilichotumika kila siku, kilichotumika mara moja, na kisichoguswa. Sanduku la dawa ndilo peke yake lenye haki ya kurudi bila kuguswa.

Muulize pia anayeipita njia hiyo kwa kazi yake. Mchuuzi anayepeleka chumvi na sabuni vijijini anajua mto gani umejaa mwezi huu na buti zipi zinapasuka upesi. Ujuzi wake ni wa wiki hii, na hakuna orodha iliyochapishwa, hata hii, inayoweza kuwa na habari za karibu kiasi hicho.

Wanaotembea kwa lazima

Msafiri wa hiari huchagua. Wapo wengi Shabunda ambao hawajawahi kupewa nafasi ya kuchagua, na sayansi hii inawahusu kuliko yeyote. Mfikirie mhudumu wa chanjo. Chanjo nyingi lazima zibaki kati ya nyuzi 2 na 8, na kisanduku chake cha baridi, pamoja na barafu yake, huning'inia begani kwa mkanda mmoja, kikimvuta upande mmoja saa baada ya saa. Fundi cherehani yeyote wa Bukavu anaweza kushona mikanda miwili ya mabega na mmoja wa nyonga, kisanduku kikahamia katikati ya mgongo. Buti nyepesi, mfuko wa ndani wa plastiki, jozi mbili za soksi na chandarua cha safari si anasa kwa mtu huyo. Ni sehemu ya ubora wa chanjo yenyewe, kwa sababu mhudumu aliyeumia miguu hafiki kijiji cha mwisho, na watoto wa kijiji hicho hukosa sindano yao.

Kwa hiyo maarifa ya uzito, maji na joto hayafai kubaki mali ya watalii na maduka ya Ulaya. Yanastahili kufundishwa kwa wauguzi, walinzi wa hifadhi na walimu wanaopelekwa vijijini, tena kwa vipimo na majaribio, na wabebaji wa kike wa mkoa huu wakaribishwe kama wakufunzi wanaolipwa. Barabara ya Shabunda inadaiwa bado, na hakuna begi litakalochukua nafasi yake. Mpaka itakapojengwa, kila shirika na kila idara inayomtuma mtu kwa miguu msituni ina wajibu wa kumpa vifaa vilivyochaguliwa kwa ajili ya njia hiyo na mwili huo.